Sehemu Isiyojibu Swali Lolote

Alhamisi, Aprili. Ifakara.

Jua limetoka leo baada ya mvua za mfululizo, na mtaa mzima umeanika: nguo, magodoro, hata viatu vya shule juu ya mabati. Watu wanaitana uani kwa sauti za furaha kana kwamba ni sikukuu. Mimi nilifungua dirisha la sebuleni, nikaliangalia hilo jua lao kidogo, nikafunga.

Sijui nianzie wapi. Nianze tu.

Wanaonisoma hapa wanajua ninachofanya nikishamaliza vipindi vyangu vya darasani. Walimu wa bonde hili wanaosoma shahada ya uzamili, wengi wao kwa masafa, huniletea tasnifu zao nizipitie kabla hazijarudi chuoni. Sisahihishi Kiingereza cha mtu, wala sipangi marejeo. Naangalia jambo moja, uwiano. Kwamba tatizo lililoelezwa mwanzoni ndilo lililozaa malengo, na malengo ndiyo yaliyozaa maswali. Kwamba maswali hayo ndiyo yaliyoamua nani aulizwe na aulizwe vipi. Kwamba majibu yanajibu maswali yaleyale, na hitimisho halituletei mgeni ambaye hatukumwona tangu mlangoni. Kwa mdomo ni rahisi. Kwenye karatasi watu wanapotea kweupe.

Nimeona mengi. Kuna mwalimu alianza na ufundishaji wa hisabati kidato cha pili, akamaliza kwa kuishauri serikali ijenge vyoo. Nilipomuuliza vyoo vimeingilia wapi akanijibu, "Dada Bene, ungeviona ungelia." Mwingine tatizo lake lilikuwa la nchi nzima, malengo yake ya mkoa, na watu aliowahoji wote wametoka Lupiro, tena nusu yao ni ukoo wake. Huwa nawacheka machoni pao. Wananivumilia kwa sababu wakitoka kwangu wanapita.

Njia yangu ni ya mwalimu wa shule. Naunganisha karatasi za manila, nazibandika ukutani, nachora safu: tatizo, lengo, swali, njia, jibu, hitimisho. Kila lengo lina mstari wake, nami naufuata kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Kidole kikikwama, mwenye kazi anarudi nyumbani kufikiri.

Tangu Jumatatu, manila iliyoko ukutani ni ya Skola.

Skolastika. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mchombe. Tulimzika Februari.

Nimeandika sentensi hiyo nikanyanyuka kwenda kunywa maji. Bado inanishinda. Figo. Alikuwa amekwisha kuitetea tasnifu yake, akapita kwa sharti la kufanya marekebisho, na yale marekebisho aliyaanza akiwa amelazwa hapahapa mjini. Alikuwa analala na laptopu tumboni mpaka wauguzi wakaichukua na kunikabidhi mimi. Siku ile alinuna kama mtoto. Hakuimaliza.

Msimamizi wake alikuja msibani. Sisi wote tunamwita Dokta, na ni mtu mwenye utu. Alifika na matope mpaka magotini kwa sababu gari lilikwama njiani. Ndiye aliyetueleza kwamba kwa kuwa Skola alikuwa ameshatetea, chuo kinaweza kumtunuku shahada yake hata sasa, iwapo marekebisho yatakamilishwa na yeye msimamizi akayathibitisha. Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, hali, hasemi. Akainua kichwa.

"Ina maana jina lake litasomwa?"

"Litasomwa, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Tangu hapo mama anaishi kwa hilo. Akinipigia simu kutoka kijijini Mbingu ananisalimia, anauliza mvua, anauliza afya, kisha anakuja kwenye lake: "Na lile jambo la Skola?" Jana amekuja mwenyewe, na mfuko wa mchele na samaki wakavu, amekaa. Kamati ya chuo inakutana kesho. Dokta anahitaji faili leo kabla ofisi hazijafungwa.

Na mimi ndiye mpitiaji. Nani mwingine angekuwa?

Marekebisho mengi yalikuwa madogo. Kichwa cha tasnifu ya Skola kinahusu mchango wa chakula cha mchana katika mahudhurio ya wanafunzi wa shule za msingi. Malengo matatu: hali ya mahudhurio ikoje pale chakula kinapopikwa, wazazi wanauonaje mpango huo, na mpango wenyewe unakwama wapi. Nilibandika manila, nikapitisha kidole. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukapita hadi kwenye hitimisho bila kugusa kokoto. Nilijikuta natabasamu ukutani peke yangu. Kazi safi. Nikasema kwa sauti, "We mtoto we," halafu nikakumbuka hayupo wa kuitika.

Kisha nikafika kwenye sura ya nne, mwishoni, sehemu inayoitwa "Watoto wa madungu."

Kwa wasomaji wangu wa mbali nieleze kidogo. Huku kwetu mpunga ukianza kubeba, ndege wanashuka. Wanashuka kwa makundi, na shamba lisilo na mtu ndani linabaki makapi. Kwa hiyo familia zinahama. Zinaacha nyumba kijijini, zinakwenda kukaa bondeni kwenye mashamba, na kule wanajenga dungu, kichanja kirefu chenye kiezeko cha nyasi, mtu anakaa juu anapiga kelele, anapiga debe, anarusha udongo kwa kombeo kuanzia alfajiri mpaka ndege walale. Hiyo ndiyo kuamia ndege. Na anayekaa juu ya dungu mara nyingi ni mtoto, kwa sababu mkubwa ana palizi, ana maji ya kuchota, ana kitoto mgongoni.

Skola aligundua kuwa majira hayo uji uwepo usiwepo, wali uwepo usiwepo, madawati ni matupu. Mtafiti mwenye adabu angeandika mstari mmoja, "watoto huenda kuamia ndege," akaendelea na safari yake. Yeye akavua viatu akaenda kuwatafuta. Akavuka maji, akapanda kwenye madungu, akakaa na watoto huko juu. Akaandika kurasa na kurasa.

Mtahini ameandika pembeni: "Sehemu hii ni nzuri lakini haijibu swali lolote la utafiti. Iondolewe, au liongezwe lengo."

Ninachokiri leo ni kwamba mtahini yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeandika hivyohivyo, tena bila lile neno "nzuri." Kwenye manila yangu mstari wa nne una kitu katika safu moja tu, ya jibu. Kushoto kweupe. Kulia kweupe.

Jana mchana nilimpigia Dokta. Nilijaribu kuongea kama mwalimu mwenzake, si kama mfiwa.

"Dokta, nikiongeza lengo la nne, nikarekebisha na maswali na sura ya tatu?"

"Mwalimu, ukiongeza lengo, hiyo inakuwa kazi mpya. Itabidi irudi kwa mtahini, halafu itetewe upya." Nilimsikia anavuta pumzi. "Na mtetezi hatunaye."

"Na ikibaki kama ilivyo?"

"Ikibaki kamati itairudisha. Nawajua. Mimi mwenyewe niliipenda ile sehemu, nilimwambia. Lakini si utafiti aliosema atafanya."

Nikamshukuru, nikakata simu kabla hajanipa pole tena. Pole zimenichosha.

Nikajaribu ujanja, nakiri pia. Nilijaribu kuisogeza chini ya lengo la tatu, kule kwenye vikwazo vya mpango wa chakula. Ujanja huo nawakataza watu kila siku, na sasa najua kwa nini wanaufanya: wanafanya kwa kupenda walichokipata. Lakini haikukaa. Watoto wale hawazungumzii chakula cha shule hata mara moja. Wanazungumzia nyoka. Wanazungumzia jua, na usingizi wa alfajiri, na mdogo wa mmoja wao aliyeanguka kutoka juu. Msichana mmoja ambaye Skola amemwita Mtoto wa Nne anasema, "Ndege hawana Jumamosi." Mwingine anasema, "Nikirudi shule nakuta wenzangu wameshavuka, mimi nipo palepale nilipoacha." Chini yake Skola ameweka tafsiri ya Kiingereza, maana tasnifu yote ni ya Kiingereza, na kwa Kiingereza maneno hayo yamepoa kama ugali wa jana.

Asubuhi mama alikuwa anachambua mchele hapa sebuleni, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Alikuwa anaangalia ukutani. Mama anasoma Kiswahili vizuri, ndiye msomaji wa masomo kanisani kwao.

"Huo mstari wa chini mbona una katikati tu?"

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza walimu: Skola alipata jibu ambalo hakuwa ameliulizia. Kwamba likibaki, kesho kamati haitampitisha. Kwamba kuuliza upya hawezi.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Nilisoma Kiswahili tu, nikiruka tafsiri. Mama hakuacha kuchambua mchele, ila nikaona anachambua palepale, anatoa na kurudisha. Nilipofika pale Skola anapoeleza alivyovuka maji kulifikia dungu la kwanza, akanikatiza.

"Alivuka?"

"Alivuka, mama."

"Na miguu ile? Ilikuwa imeshavimba, Bene. Aliniambia ni viatu." Akatikisa kichwa. "Aliniambia viatu vinambana."

Nikaendelea.

Kuna mahali Skola anamuuliza yule Mtoto wa Nne, ukiwa huku unakumbuka nini cha shuleni. Nilitarajia aseme marafiki, au mpira. Mtoto anajibu: "Kuitwa jina. Huku hawaniiti jina. Wananiambia tu, we, ndege hao!"

Mama akaweka ungo chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

Nje wanawake walikuwa wanageuza magodoro na kuyapiga kwa fimbo. Kisha akaanza kusema, haniangalii mimi, anaangalia ukutani.

"Mimi ndiye nilikuwa nampeleka Skola dunguni. Baba yenu ameshakufa, wewe uko bweni kwa masista. Ndege wale ungewafanyaje peke yako? Darasa la tatu nilimpeleka, la nne nikampeleka. Akirudi shule mwalimu alishaacha kumwita, maana anajua hayupo. Alirudi nyumbani analia, mama, leo nilikuwepo na sikuitwa. Nikamwambia acha upuuzi, kula."

Nilikuwa bweni. Nilirudi likizo mpunga ukiwa umeshavunwa, nikamkuta Skola mweusi kwa jua na sauti imekauka, nikamtania kuwa ana sauti ya mzee. Sikujua inatoka wapi. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuwa na sababu ya kuuliza. Nilikuwa mtoto pia.

Nimewafundisha watu wengi kwamba tatizo la utafiti huandikwa sura ya kwanza. La Skola lilikuwa limekaa juu ya dungu tangu akiwa darasa la tatu, na alipoambiwa achague mada akachagua chakula cha mchana, kwa sababu chakula cha mchana kina maandiko mengi ya kurejelea, na kamati hukipenda. Mimi mwenyewe nilimsifu kwa mada ile. Ilikuwa mada nzuri.

"Likibaki jina halisomwi?" mama akauliza.

"Halisomwi, mama."

"Basi litoe."

"Mama, hapa ndipo alipo Skola mwenyewe. Kule kwingine kote angeweza kuandika mtu yeyote."

"Najua." Akavuta ungo wake tena. "Huyo mtahini ana shamba?"

"Sijui. Sidhani."

"Basi si yeye aliyekuwa anaambiwa. Litoe apate chake. Halafu hilo ulilolitoa lichape, unipe. Jumapili baada ya Misa jumuiya inakutana kwangu, na watu wengine bado hawajahamia shambani. Uje utusomee."

Akaendelea na mchele. Kwa mama jambo lilikuwa limekwisha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Nimefanya hivyo mchana wa leo.

Kwanza nilinakili ile sehemu kwenye faili lake peke yake. Halafu nikaanzia kwenye kichwa, "Watoto wa madungu," nikashuka nayo hadi nukta ya mwisho, yote ikageuka rangi. Nikafuta.

Kutoa sehemu si kubonyeza mara moja. Lazima uifuate popote ilipoacha alama. Kwenye ikisiri kulikuwa na sentensi moja juu ya madungu, nikaitoa. Kwenye mapendekezo Skola alikuwa ameandika kwamba ratiba ya shule za bondeni iangalie majira ya mpunga. Pendekezo zuri kuliko yote, na sasa halina jibu la kulishikilia. Nikalitoa pia. Niliifanya kazi hiyo vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Mikono yangu inajua kazi hii hata kama mimi mwenyewe sitaki.

Kwenye shukrani amewashukuru "watoto walionikaribisha juu ya madungu yao." Shukrani hazihitaji uwiano na kitu chochote, hakuna mtahini anayezigusa. Sentensi hiyo nimeiacha.

Kisha nikaiambia kompyuta ipange upya yaliyomo. Hapo ndipo nilipovunjika. Namba zilisogea zenyewe. Muhtasari wa sura ukapanda juu ukachukua namba ya ile sehemu, kurasa zikajihesabu upya, na orodha ikajifunga, laini, imenyooka. Nilitafuta pengo. Nilipandisha na kushusha ukurasa nikitafuta tu mahali ambapo mtu angeweza kuona kwamba hapa palikuwa na kitu. Hapakuwa na pengo. Mtu yeyote atakayeisoma ataona kazi iliyokamilika.

Nililia kwa sauti, mpaka mama akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Aliniwekea mkono begani, unanuka mchele.

Nimeituma. Dokta amejibu kabla ya saa kumi: "Imekaa sawa sasa, kila kitu kinashikana. Hongera, Mwalimu." Nimeisoma hongera hiyo mara nyingi. Ni neno ninalowaandikia wengine kila mwezi na sikuwahi kujua linaweza kuwa zito hivi.

Kwa hiyo jina litasomwa. Mama atakuwepo, atavaa kitenge chake cha Pasaka, na mtu asiyemfahamu atalitamka jina la mwanawe kwenye kipaza sauti. Namshukuru Mungu kwa hilo, kweli namshukuru. Nasikitika pia, na sioni kwa nini nichague moja.

Zile kurasa nimezichapa. Ziko hapa mezani, nyepesi tu. Jumapili nitawasomea wanawake wa Mbingu, na nawajua, hawatanyamaza kama kamati. Kuna atakayesema Skola anatusema. Kuna atakayesimama na mtoto mgongoni aulize, haya mwalimu, tukiwaacha shuleni hao ndege tuwafanyeje, tule nini? Ni swali la haki. Skola angelijibu, alikaa nao, alizijua njia za maji, alijua mpunga unavyoliwa mbele ya macho yako.

Mtetezi hatunaye, amesema Dokta. Jumapili wakiuliza, nitajibu mimi.

Nami sijawahi kukaa juu ya dungu hata siku moja.